Vitundu Chini ya Dirisha

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini hujambo wewe, shemeji na watoto, na kwamba tumbo lako limekupa nafasi ya kula. Sisi hatujambo, shida yetu ni mvua tu. Simu zangu hupokei tangu mama ahamie kwangu, basi nimempa barua hii dereva wa lori la mbao anayepita karakanani kwako. Usimkaripie. Mjumbe hauawi.

Kaka, trela linavuja. Lile lile alilolijenga baba, nyumba yetu ya magurudumu mawili, ambalo sasa ndilo kwangu na ndilo chumba cha cherehani. Mama amechagua kulala chini ya dirisha kubwa la kuteleza, kwa sababu baba alikuwa anakaa hapo na chai yake. Basi maji nayo yamechagua hapo hapo. Yanashuka darini, yanapita ukutani, yanamwingia kwenye mto. Nimekinga sufuria zote, mpaka tunapikia kwenye birika. Mama anacheka, lakini kifua chake unakijua, hakitaki unyevu.

Nimepanda juu nikapaka silikoni kila nilipoona ufa. Likavuja zaidi, kama vile nimelichokoza. Wewe ndiye uliyerithi kazi ya baba, mimi nilirithi uvivu wake wa Jumapili. Nielekeze tu, kazi nitafanya mwenyewe. Nataka mama alale pakavu, sina haja nyingine.

Mdogo wako


11 Machi

Kwako Sindano,

Salamu. Mimi mzima, tumbo ndilo lile lile, shemeji yako hajambo. Barua yako imefika inanuka ukungu, nimeisomea nje.

Wateja wananiuliza, mama hajambo? Mama yuko wapi siku hizi? Niwajibu nini? Kwamba nina nyumba ya vigae na vyoo viwili, na mama yangu mzazi aliamka alfajiri watu wamelala, akabeba kikapu chake, bila kwaheri, akaenda kulala ndani ya kopo? Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Nilimpa chumba chake, nikamwambia jikoni asihangaike, aache funguo kwa shemeji yako, apumzike. Kosa langu liko wapi? Siku ile nilimpigia kelele mbele ya wageni, ndiyo, lakini nani hapigi kelele nyumbani kwake?

Haya. Kazi ni kazi, na baba hatafurahi trela lake lioze. Sikiliza, maana wewe husikilizi. Maji ni mwongo. Yanaingia huku, yanatembea juu ya ubao, yanatokea kule, na mjinga anakwenda kuziba kule. Funga madirisha yote, ziba matundu ya hewa kwa magazeti, weka feni mlangoni ipulize ndani, pembeni mwake uzibe kwa nguo, kwako hazikosekani. Kisha toka nje upake povu la sabuni kwenye maungio yote ya bodi na paa. Hewa itatafuta njia ya kutoka. Pale povu litakapochemka, ndipo maji yanapoingilia. Na usipake silikoni juu ya silikoni. Kwangua ya zamani mpaka uone bati, weka utepe mpya wa kuziba, kisha ukaze skrubu.

Trela likikushinda, chumba cha mama kipo.

Kaka yako


29 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo, na asante, asante tena. Habari za nyumbani? Tumbo je? Mama anasema upunguze chai ya moto.

Kaka, wewe ni fundi. Nilifanya kama ulivyoniambia, feni ikavuma, majirani wakasimama kunitazama nalipaka trela sabuni kama mtoto anayeogeshwa. Kule juu, pembeni mwa tundu la hewa la paani, povu likachemka! Mita nzima kutoka kwenye lile doa. Raba inayolizunguka ilikuwa imepasuka yote. Nimekwangua, nimeweka utepe, nimekaza. Mvua kubwa ya juzi, dari kavu kabisa. Nilipiga kelele peke yangu humu ndani. Peke yangu, kwa sababu mama nimempeleka kwa mama mdogo mpaka kuta zikauke vizuri.

Limebaki jambo dogo. Upepo ukivuma upande wa dirisha kubwa, maji kidogo yanaonekana kwenye ile njia ambamo kioo kinatelezea. Hayajai, yanapungua yenyewe. Lakini nje, chini ya fremu, nimeona vitundu viwili vidogo vilivyotobolewa. Je, ndiyo njia yao ya kuingilia? Nivifanyeje? Sitaki kugusa bila wewe. Mama anarudi mwisho wa mwezi ujao na ameshasema kitanda chake kisihamishwe.

Mdogo wako


5 Aprili

Sindano,

Salamu. Sisi wazima.

Nimefurahi kwamba umejua tofauti ya povu na uji. Kwa hiyo mama amekwishasema kitanda chake kisihamishwe. Kwangu hakuwahi kusema lolote, alikuwa anaangalia saa ya ukutani tu.

Umeuliza swali na umejijibu. Tundu kwenye ukuta wa nje ni mlango, na mlango ukiachwa wazi mgeni anaingia. Jaza silikoni kwenye vitundu hivyo, bonyeza kwa kidole, jaza tena, mpaka isipenye hata sindano, maana ndiyo kipimo unachokijua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Madirisha yote, siyo hilo moja tu.

Ukimaliza, mlaze mama yako hapo.

Kaka yako


2 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Huku si kuzuri, nitakuwa mwongo nikisema tuko salama.

Nimeziba vitundu vyote kama ulivyosema, na sasa najenga ukuta. Mama alirudi akafurahi, akapapasa dari, akasema kweli wanangu wakikaa pamoja hawashindwi. Mvua ikaanza usiku ule ule. Dari haikutoa tone. Lakini asubuhi blanketi lake lilikuwa limelowa upande wa ukuta, na hakusema, alidhani ni jasho. Siku ya tatu nikabonyeza plaiwudi chini ya dirisha, kidole kikazama kama kwenye mkate uliochovywa. Maji yanajaa kwenye njia ya kioo mpaka yanamwagika ndani, na mengine yanateremka katikati ya ukuta, siyaoni, nayasikia.

Nikasema nihamishe kitanda, akakataa, akaniambia kaka yako ameshatupa dawa, tuipe muda. Sasa anakohoa usiku kucha. Zahanati wamempa vidonge na sindano, wamesema kifua kimeshika unyevu. Nimemlaza upande wa mlango kwa nguvu, amelia.

Kaka, una hakika na vile vitundu? Huenda nimekosea mahali. Ungekuja mwenyewe hata kwa nusu siku. Mama hatakuuliza chochote.

Mdogo wako


9 Mei

Sindano,

Salamu. Pole kwa ugonjwa wa mama.

Mimi nije huko? Aliyeondoka bila kwaheri ni nani? Nyumba yangu haijahama.

Kazi umeifanya kwa mkono wa mtu wa vitambaa. Umeacha nafasi ndogo, maji yamepata pa kupita. Ongeza silikoni, safu mbili. Na kama ukuta umelainika basi ndivyo ulivyo, trela ni zee, na mwenye akili hamlazi mgonjwa ndani yake. Nakuambia hili kama mkubwa wako: unamuua mama kwa ubishi. Mimi nimeshapaka rangi chumba chake, nimenunua kitanda kipya na godoro nene. Dirisha linatazama bustani. Kila siku shemeji yako anafungua pazia asubuhi na kulifunga jioni, na hakuna mtu ndani.

Mwambie hivyo. Mwambie akitaka kupona, njia anaijua.

Kaka yako


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na tumbo limetulia. Mama anaendelea, kikohozi kimepungua mchana.

Nina swali moja, na nakuomba ulijibu kama unavyomjibu mtu unayemheshimu. Kwenye dirisha la kuteleza, je, hakuna mahali ambapo maji huachiwa kwa makusudi njia ya kutokea? Je, baba hakutoboa vitundu vile kwa sababu? Kama uliharakisha, kama kazi zilikuwa nyingi ukasahau, sema tu umesahau. Hakuna atakayekushika. Kusahau si dhambi, na barua haina uso.

Tunasubiri jibu lako.

Mdogo wako


27 Mei

Sindano,

Salamu. Tuko wazima.

Sijasahau. Kazi hii naifanya tangu wewe unanyonya kidole. Unanifundisha madirisha? Vitundu vile ni makosa ya baba. Siku hizo alikuwa anakunywa, mkono unatetemeka, alitoboa akitafuta mahali pa skrubu akakosa, akaona aibu kuziba. Tulimfichia, mimi na mama, kwa heshima. Ndiyo ukweli, kama ulikuwa unautaka. Usivizibue. Ukivizibua, lawama ni yako.

Sasa tuache maneno. Jumamosi namtuma dereva wangu na gari dogo. Mfungie mama nguo zake na dawa zake. Blanketi lile la ukungu liache huko. Nimewaambia watu wote anakuja, shemeji yako ameshaalika wageni wa kumpokea. Usiniaibishe.

Kaka yako


Jumamosi, 31 Mei

Kaka,

Dereva wako yuko nje anakunywa chai. Barua hii itakaa garini, kwenye kiti cha mama.

Trela ni kavu. Limekuwa kavu tangu katikati ya mwezi huu. Asubuhi moja mama alitoka kuota jua, akaegemea chini ya dirisha, akapapasa fremu kama kawaida yake, mkono ukasimama. Akaniuliza, "Nani kakwambia uzibe hapa?" Nikamwambia. Akaniomba shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akaisukuma kwenye silikoni mwenyewe, kitundu cha kwanza, cha pili. Maji yakatoka meusi, yakatoka mengi mpaka tukasogeza miguu. Yanaingia kwenye njia ya kioo, hayazuiliki, ndivyo dirisha la aina hiyo lilivyo. Vitundu ndivyo vinavyoyatoa. Ukiviziba yanageuka ndani ya ukuta, na mimi niliviziba kwa kidole changu, nikimshukuru aliyenituma.

Mama akakaa kwenye kigoda akayatazama mpaka yakaisha. Kisha akanisimulia. Ulipokuwa unajifunza kazi uliviziba vitundu hivi hivi kwa lami, ukidhani unamsaidia baba. Baba hakukupiga. Alikukalisha ndani ya trela, chini ya dirisha hili, na bakuli mapajani, mvua ikinyesha, ukinge mpaka uelewe. Ulivizibua mwenyewe kwa msumari. Mama ndiye aliyekukausha nywele.

Nilitaka kukuandikia matusi siku ile ile. Mama akanikataza. Akasema, "Labda kasahau. Muulize tena." Barua ya tarehe ishirini, kaka, maneno yalikuwa ya mama. Alikaa hapa ananitamkia, anakohoa, ananirudisha nyuma, andika kwamba kusahau si dhambi, andika kwamba hakuna atakayemshika. Alikuwa anakufungulia mlango ili uingie. Jibu lako lilipofika nilitaka kulichana. Akaniambia nisome yote, kwa sauti, nisiruke. Nikasoma mpaka pale pa baba na pombe. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia.

Barua zako zote za nyuma alizisikia pia, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi. Kopo, blanketi la ukungu, saa ya ukutani, zote. Alikuwa anacheka, anasema huyo ni mtoto wangu, mdomo tu. Hiyo ya mwisho hakucheka.

Vitundu vya madirisha mengine nimevizibua, plaiwudi nimebadilisha, rangi nitapaka mwezi ujao. Kifua daktari anasema hakitarudi kama zamani. Kitanda chake kiko chini ya dirisha.

Dereva alipopiga honi mama alikuwa amevaa vizuri, nikashtuka, nikadhani anakwenda. Alikuwa amevaa ili amsalimie mgeni. Amempa chai, amemuuliza habari za watoto wake. Kisha akaniita nichukue kalamu. Haya ndiyo aliyosema, sijaongeza neno:

"Mwanangu, nimekusalimu. Nasikia tumbo bado linakusumbua. Usinywe chai ya moto kabla hujala, na pilipili acha kabisa. Baba yako hakuwa mlevi, na wewe unajua. Wageni wako waambie mimi mzima. Chumba kipangishe."

Mdogo wako