Waya alizogeuza marehemu

Swahiba, sikuwa na tochi, sikuwa na miwani ya kusomea, wala sikuwa na mtu wa kuniambia, "Mzee, acha."

Nilitaka kumtengenezea mkwe wangu gari aliloachiwa na marehemu mwanangu. Zile spika mbili za besi kwenye buti zilikuwa haziungurumi. Unajua nilisoma umeme shule ya usiku. Nikafungua, nikakuta waya za spika moja zimegeuzwa, chanya kwenye hasi. Hii inasukuma, ile inavuta, besi inafia katikati.

Nikazirudisha. Besi ikatikisa vioo. Nikacheka peke yangu.

Mkwe akatoka mbio. "Baba, umegusa nini?"

Nikajibu kwa maringo, "Fundi wenu alikosea."

"Hakukuwa na fundi. Mume wangu aligeuza mwenyewe, jioni ile kabla hajalazwa hospitalini, asikilize nyimbo zake bila kumshtua mtoto wetu usingizini."

Aligeuza mwenyewe, swahiba. Mwenyewe.

Nikazigeuza tena upesi. Akasema, "Sasa ni mikono yako, baba. Si yake."

Nimemwandikia barua ya kumwomba radhi, nimefunga bahasha, na sasa hivi nimeisukuma chini ya mlango wake.