Nguruwe Niliyemnyima Machicha

Mpendwa Mama Coleta, shikamoo. Naomba msaada wako, maana hapa Malangali sina wa kumwambia, na gazeti lenu linatufikia kwa basi likiwa limechelewa siku mbili lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo.

Mke wangu Luciana anaumwa figo, zote mbili, hospitali kubwa walituambia turudi nyumbani kwa kuwa mashine ya kusafisha damu mkoani hakuna, na tangu hapo miguu inavimba na kula hataki, basi mwaka jana nikasikia redioni kwamba wataalamu wa ng'ambo wamepata nguruwe ambaye kiungo chake kinaweza kuja kuwekwa kwa binadamu, wakasema chembe za mwili wa nguruwe zina sukari fulani ambayo mwili wa mtu ukiiona unajua huyu ni mgeni na kumshambulia, na wao wameiondoa, na mimi nguruwe nimefuga tangu ujana, nikasema moyoni kama shida ni sukari, hiyo naiweza. Nikatenga jike mmoja, nikamnyima machicha ya pombe, nikamnyima viazi vitamu na maboga, ni pumba na maji ya kuchemsha tu, banda nafagia mara tatu kwa siku, nikamwambia Luciana figo yako inakua, akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Haya, Baba Silvana." Jirani yangu Shigela ananitania eti nimeoa mke wa pili bandani.

Mwezi uliopita bwana mifugo alipita, nikamweleza, hakucheka, afadhali angecheka. Akasema, "Mzee Tadei, sukari hiyo haitoki kwa chakula. Wanabadilisha vinasaba ndani ya chembe kabla hata mimba yake haijatungwa, na mpaka leo bado wanajaribu kwa nyani." Tangu siku hiyo sijamwambia mke wangu, naogopa nikimwondolea tumaini atakufa wiki hiyo hiyo, nashinda bandani kwa sababu nikikaa naye atanisoma usoni, na yeye kila saa ananiita kwa mambo madogo, juzi ananionyesha vibuyu vya juu ya meko, hiki mbegu za maharage, hiki ulezi, binti yetu Silvana asije akachanganya, nikamjibu kwa ukali kwamba utapanda mwenyewe mvua zikija, akageukia ukutani. Mama, tunalala nyumba moja na mimi ni mpweke kama mtu aliyekwisha kuzika. Nimwambie, au nimwache na tumaini lake?

Tadei (jina si langu), Malangali, Sumbawanga, 2004

*

Marahaba, Baba Silvana, na pole sana.

Bwana mifugo amekwambia kweli. Habari ya redioni nayo ni ya kweli, ila ni ya watakaokuja baada yetu. Ulisikia nusu ukaifanyia kazi kwa nguvu zako zote, na kwa hilo sikucheki. Kumpenda mke si ujinga. Kujificha bandani ndio ujinga, na hapo nakugombeza.

Hebu isome tena barua yako mwenyewe. Mama yangu naye alitunza mbegu juu ya meko, na sisi wengine hatukuthubutu kugusa. Mwanamke anayetegemea kupanda hamwonyeshi mumewe kibuyu kipi ni kipi. Luciana anajua, ndugu yangu. Pengine alijua tangu siku ile alipocheka kidogo. Tumaini unaloogopa kumwondolea ni lako wewe, na yeye, mgonjwa, miguu imevimba, ndiye anayekutunzia. Anataka kuaga, na kila akianza wewe unafoka na kukimbilia kufagia. Unalalamika upweke! Na yeye je, humo ndani?

Barua yako ilinifikia baada ya wiki, na jibu hili nalo litasafiri kwa basi. Siku hizo zimekwisha kupotea, usipoteze nyingine. Mwite mganga wa zahanati, umuulize dawa ya kumpunguzia uvimbe na maumivu, kwa kuwa hilo linawezekana hapo hapo. Nguruwe mpe machicha yake, hana kosa. Kisha funga banda, uingie ndani, ukae pale anapouona uso wako, umwambie, "Luciana, yule ni nguruwe tu." Usiongeze neno. Akilia, lia naye.

Mkishatulia, teremsha vile vibuyu, uviweke kitandani karibu na mkono wake, umwombe aanze upya. Safari hii usimkatize.

Mama Coleta