Chembe Iliyogusa Uso wa Yaya

Kamina, Jumapili, mwezi wa saba. Asubuhi ilikuwa baridi, kisha jua likatoka jekundu ndani ya moshi wa majani yanayochomwa. Tangu misa niko kama mtu anayetembea usingizini.

Nianzie Alhamisi. Binti yangu Grâce, anayesomea elektroniki kule Lubumbashi, alinipigia simu, nikamuuliza juu ya vile vinyota vinavyotembea jioni bila kelele. Akasema ni satelaiti, na ndani yake kuna kompyuta. Huko juu hakuna hewa ya kuzikinga kama inavyotukinga sisi, basi vichembe vidogo mno, kutoka kwenye jua na nyota za mbali, vinapita ndani ya chuma kama vile hakuna chuma. Kimoja kikigusa kumbukumbu ya kompyuta, sifuri inageuka moja. Hakuna kinachovunjika, hakuna moshi. Kitu kidogo tu kimebadilika, na kompyuta yenyewe haijui. Inajibu kwa uhakika uleule.

Nikauliza, sasa wanafanyaje? Akasema wanaweka kumbukumbu tatu na kuziuliza zote. Mbili zikikubaliana, ya tatu inasahihishwa. Tena zinasomwa upya kila mara, kosa lisikae mpaka likapata mwenzake.

Simu ilikatika, lakini maneno hayo hayakunitoka.

Mimi niko na neno moja nimelitunza miaka kumi na minane. Kwenye kilio cha mama, dada yangu mkubwa, yaya Véro, aliniangalia akasema mama amekufa juu yangu, kwa kuwa nilichelewa kumpeleka hospitali. Bado namwona: mdomo wake, kikwembe chake, kitenge cha bluu chenye ndege. Tangu siku ile namsalimia kanisani tu, mkono baridi. Na komunyo nimepokea hivyo hivyo, Bwana anisamehe.

Sikuwahi kumuuliza mtu. Si nilikuwa nakumbuka? Niulize nini tena?

Jana nilimuuliza mdogo wetu Donat, aliyekaa kati yetu siku ile. Aliacha baiskeli aliyokuwa anaitengeneza, akanitazama sana.

"Yaya, haikuwa Véro. Ilikuwa tantine, shangazi yetu wa Kabondo-Dianda. Véro njo alikufunika kichwa na kikwembe yake, usisikie."

Usisikie.

Kikwembe nilikitunza vizuri kumbukumbuni, mpaka ndege zake. Uso tu ndio uliogeuka.

Leo baada ya misa nilikwenda kwa Véro. Nilimkuta anasonga bukari. Nikamweleza yote, hata mambo ya jua na nyota, isipokuwa jibu la Donat, huku nalia. Alinisikiliza mwiko mkononi, kisha akasema kama Donat alivyosema, na hawajaongea juu ya jambo hilo. Tulikuwa watatu, na wawili wamekubaliana.

"Miye miaka yote nilizani uko na kasirani juu ya sufuria za mama zenye nilibaki nazo," akasema. "Ikala. Bukari itapoa."

Nikakaa. Tulikula, na nilipoondoka alinifungia sufuria moja ya mama kwenye kitambaa, akicheka peke yake.

Sasa iko hapa mbele yangu, nyeusi chini. Lakini niseme ukweli: nikifumba macho, bado ni uso wa yaya ninaouona ukisema lile neno. Haujafutika.

Nitausahihisha tena kesho, baada ya sala. Na kesho kutwa pia.