Susu, Serikali Haikujua Kwamba Hatujasaga

Kwako Susu, nyanya yangu uliyeniachia jina lako,

Nimemaliza shule. Mtihani wa kidato cha nne ulikwisha na sasa niko nyumbani Tawa nikingoja matokeo. Mama anataka nitembee, nionane na watu, lakini wewe unanijua. Nikiona watu watatu wakija barabarani, mimi napitia shambani.

Wewe hukuwahi kuniuliza kwa nini siongei. Wanawake walipopanga madebe yao mlangoni, ulinipa kazi ya kushika mfuko chini ya mdomo wa mashine ya kusaga, kwa sababu pale kelele ilikuwa nyingi na hakuna aliyengoja jibu langu. Tulikuwa tukitoka weupe hadi kope. Siku moja mama mmoja wa kanisani alikuuliza, "Kwani huyu mtoto wa mwanao ni bubu?" Ukamjibu kwa sauti ya kufika sokoni, "Si bubu! Anakusikiliza wewe, na wewe hujasema kitu cha maana tangu asubuhi!" Akacheka mpaka akamwaga mahindi, na wewe ukamfanya ayaokote.

Nakuandikia kwa sababu ya mashine hiyo. Nusura iuzwe.

Unaukumbuka ule ukame. Mvua ilikosa, ikakosa tena. Madebe yakapungua mlangoni, hadi ikaja siku ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyebisha. Ukamwambia Baba azime. "Mashine ikizunguka bure inajila yenyewe," ulisema, ukaifunika kwa pazia kuukuu la sebuleni, ukaifunga kamba. Watu wa upande wetu wote, sisi pia, tukawa tunakula mchele na maharagwe ya msaada yaliyogawiwa kwa chifu. Na mchele hausagwi.

Kabla ya hapo, kila mwezi Baba alikuwa akienda saiba, kile kibanda cha intaneti pale sokoni, na kijana wa kompyuta anamjazia ritani ya kodi ya biashara, ile fomu ya kusema tumeuza kiasi gani. Mwezi wa kwanza baada ya kufunga, alikuuliza mimi nikiwa nawapakulia chakula.

"Mama, niende saiba?"

"Ukaseme nini? Kwamba hatujasaga?"

"Hata mimi nashangaa."

"Hii serikali inayotuletea mchele, haijui hatujasaga? Kula, chakula kinapoa."

Mkacheka nyote wawili, na mimi nikacheka. Ilikuwa na maana kabisa. Mtu akikuletea chakula, si anajua huna?

Mvua ilirudi. Uliisikia mashine ikinguruma tena kwa wiki chache tu, halafu ukatuacha. Baba aliendelea kusaga, lakini alikuwa kama mtu anayetembea usingizini, na habari za saiba zikamtoka kabisa. Alizikumbuka siku shule moja ya bweni kule Kasikeu ilipomwambia itanunua unga kwake, mradi alete cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi kodi. Alienda saiba amevaa shati la kanisani, akichekacheka. Aliporudi alikaa kwa kiti bila kuvua kofia. Kila mwezi ambao hatukusema kitu ulikuwa umewekewa faini yake, kuanzia siku ulipofunga ile kamba. Ilikuwa pesa ambayo hatungeipata bila kuuza kitu. Mbuzi walimalizwa na ukame, kwa hivyo kitu chenyewe kilikuwa kimoja tu.

Sijui mfanyabiashara wa Kikima alisikia kwa nani. Alikuja, akazungusha mkanda wa mashine kwa mkono, akapapasa chuma chako kama anayenunua ng'ombe. "Nitaichukua hivyo ilivyo," alisema. Mama akaingia jikoni na hakutoka. Baba akamwomba asubiri kidogo, aende kwanza akabishane na watu wa kodi kule mjini Wote.

Akanichukua mimi. "Wewe una kidato cha nne," alisema. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu nisiambiwe niongee.

Tulihudumiwa na mwanamke kijana aliyekuwa na kikohozi. Baba alianza kwa heshima, "Habari ya kazi, madam," lakini haikuchukua muda.

"Mzee, hata kama hukuuza kitu, ulitakiwa kujaza sufuri."

"Nijaze sufuri ya nini? Sufuri si ni hakuna?"

"Hiyo hakuna ndiyo unatakiwa kusema."

"Na ule mchele mlituletea wa nini kama hamkujua?"

"Mchele ni ofisi ingine, mzee."

"Kwani serikali ni ngapi?"

Watu kwenye foleni walicheka. Mwanamume mmoja nyuma yetu akasema, "Muulize, mzee! Na sisi tungependa kujua!" Lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wa Baba juu ya meza. Ulikuwa ukikunja na kukunjua karatasi ya faini, kama ulivyokunja leso siku ya mazishi yako. Nilijua ni nini alichokuwa akikwepa kusema. Hakutaka kutaja ni nani aliyemwambia asiende saiba. Asingekubali wageni wasikie kwamba mama yake alikosea.

Akanigeukia, akaniita mama kwa Kikamba kama alivyozoea. "Mwaitu, ongea wewe. Mimi nimeshindwa."

Madam alimwangalia, akaniangalia mimi. "Huyu ndiye mama yako?"

"Ana jina la mama yangu. Kwa hivyo ni mama."

"Kwetu Murang'a pia ni hivyo," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Haya, Mama. Tuambie."

Susu, nilisema nikiiangalia meza. Nilisema mashine ilikuwa imefunikwa pazia. Nilisema hatukuficha mauzo, mauzo hayakuwepo. Nilisema tulidhani mchele wa chifu ulikuwa umeshatusemea. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Nani aliwaambia hivyo?" aliuliza.

"Tuliamini hivyo nyumba nzima," nikasema. Baba alishusha pumzi karibu yangu.

Madam alitueleza kwamba kisheria faini ni halali, lakini tunaweza kuandika kuomba iondolewe na kueleza sababu. "Andika vile umeniambia mimi. Usiongeze chumvi. Chifu athibitishe kwamba mlikuwa mkipata msaada. Na kama mashine ni ya stima, leteni rekodi ya stima mliyonunua miezi hiyo."

Chifu alitucheka kwanza. "Kwa hivyo nyinyi mlitaka nigawe mchele, halafu nikimaliza nikawaambie watu wa kodi?" Lakini aliandika, akapiga muhuri. Stima ya miezi hiyo ilikuwa ya taa tu, hata mtoto angeona. Ombi lenyewe niliandika mimi mezani petu, Baba akanisahihisha makosa ya Kiswahili ambayo hayakuwa makosa.

Jibu lilifika Ijumaa. Miezi ya ukame imefutwa yote. Miezi iliyofuata, wakati mashine ilikuwa ikisaga, imebaki, hata mwezi ule tuliokuzika. Niliogopa kumsomea Baba sehemu hiyo. Alisikiliza, akavua kofia.

"Hizo ni zangu," alisema. "Hizo nilisaga." Tumekubaliwa kuzilipa kidogo kidogo, na cheti cha kodi kilichotakiwa na ile shule kimetoka.

Kesho yake mtu wa Kikima alikuja na pikapu na vijana wawili wa kubeba.

"Haiuzwi," Baba akamwambia.

"Haiuzwi tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

Mama alicheka jikoni, kicheko cha kufunika mdomo kwa leso. Hatukuwa tumekisikia tangu ulipotuacha. Vijana wale walipewa chai wakarudi na pikapu tupu.

Sina hasira nawe, Susu, na nilitaka ulijue hilo. Kuna wakati nikiwa nimelala nafikiri ungekuwa wewe mbele ya yule madam, ungemuuliza serikali ni ngapi hata kabla ya Baba, na labda sisi wote tungefukuzwa. Uliamini kwamba anayekulisha anakuona. Sidhani hilo ni kosa la mtu mbaya. Ila sasa najua hawaoni, wanasubiri waambiwe, na kazi ya kuwaambia kila mwezi Baba amenipa mimi. Kijana wa saiba ananisalimia kwa jina. Bado siwezi kumwangalia usoni, lakini namjibu.

Mahindi ya unga wa ile shule yamefika asubuhi hii na Baba amewasha. Ukuta unatetemeka, kalamu inanirukaruka, na Mama ananiita kwa ishara kwa sababu sauti haifiki. Naishia hapa. Pumzika, Susu. Bado ni mashine yako.

Mjukuu wako,
Nduku mdogo