Usukani wa Kifaru

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, na zikukute una nguvu na unapata usingizi. Mguu je? Umeacha kuchechemea, au bado unajikaza kisabuni watu wasione? Sisi huku wazima. Presha ya Mama imetulia tangu abadilishiwe dawa, ingawa mdomo wake bado haujapatiwa dawa, ananiamuru kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nashona. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani.

Tangu ututumie ile karatasi yenye anwani yako peke yake, hujaandika tena hata neno. Nimekukumbuka mpaka nimekasirika, nikakukumbuka tena.

Kwanza nikupe habari usiyoitarajia: Kifaru bado yupo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na lori lake, Mama akamtimua. Alisema gari la mumewe litatoka uani kwa magurudumu yake yenyewe, si vipande vipande. Basi nikavaa ovaroli ya marehemu Baba, nikaikunja miguuni, nikaanza kazi. Cheka tu. Mtaa mzima umeshacheka, wananiita Injinia wa Sindano.

Boneti ilikuwa imejikunja, rejeta ya maji imesukumwa hadi kwenye feni, na chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, imepinda. Nilipima kona hadi kona kwa futi yangu ya kushonea, nikakuta zinapishana kama gauni lililokatwa na fundi mlevi. Cheche, yule fundi wa kuchomelea wa mtaa wa nyuma, alikuja na mnyororo wake. Tukaufunga kwenye nguzo ya zege tukavuta kwa jeki, kidogo kidogo, na chuma kikawa kinalia. Ilituchukua wiki nzima, lakini zile kona sasa zinalingana.

Kazi iliyonishinda ni mlango wa upande aliokaa Baba. Bamba lililobonyea halinyooshwi na mtu mmoja. Mmoja anagonga kwa nje, mwingine yuko ndani ameshika kipande cha chuma cha kupokea nyundo. Mama alikataa nimwite mtu. Aliingia mwenyewe, akakaa kwenye kiti kile, akakishika chuma. Niligonga asubuhi yote. Nilipochungulia, machozi yalikuwa yanamtiririka ila mkono umetulia tuli. Nikaiweka nyundo chini.

"Wewe gonga," akaniambia. "Kulia nalia mwenyewe."

Sasa, Kitinda, kaa chini usome haya taratibu.

Nilipofungua magurudumu ya mbele nilikuta tairodi imekatika, ule mkono wa chuma unaopeleka usukani kwenye magurudumu. Nilidhani ni ajali iliyoikata. Cheche akaifuta grisi, akaigeuza juani. Ilikuwa imekatika palepale ilipowahi kuchomelewa. Karibu ufa wote ulikuwa mweusi kwa kutu ya zamani, na ni ukingo mwembamba tu uliokatika siku ile.

"Dada, hii ilikuwa imeshikwa na uzi," alisema. "Ilikatika kwanza, ndipo gari likaenda korongoni. Hapo dereva yeyote usukani ungemzungukia bure mikononi."

Ndivyo ulivyotuambia hospitalini, kwamba usukani ulizunguka bure. Hakuna aliyekusikiliza. Baba mdogo akasema mbele ya waombolezaji kwamba mwendo wako ndio uliomuua kaka yake, nawe ukaondoka na bendeji mguuni.

Mshono ule wa kuchomelea naujua. Ni mkono wa Baba. Unakumbuka alivyokuwa mgumu wa kununua kipuri? Kila kilichokatika alikiunga mwenyewe hapa uani, akijisifu kwamba chuma kikishapita mikononi mwake hakikatiki tena. Mtaa ulimwamini, na sisi ndio kabisa.

Nilikificha kile chuma kwenye kapu la vitambaa, na moyo haukutulia. Nikikwambia, namtia doa mtu aliye kaburini, asiye na kinywa cha kujitetea. Nikinyamaza, wewe utaendelea kujiita muuaji. Nilimpenda Baba, unajua nilivyompenda. Mwishowe nikampelekea Mama.

Alikishika muda mrefu, akipitisha kidole kwenye ule mshono. Kisha akasema, "Mwandikie kama ilivyo. Mume wangu nilimjua, na ubishi wake niliujua. Lakini asingekubali mwanawe abebe kosa lake." Akajitanda mtandio, akaenda mwenyewe kwa baba mdogo, chuma mkononi.

Walichoongea hajanisimulia. Kesho yake baba mdogo alikuja, macho mekundu, akachukua msasa bila kuombwa, akaanza kusugua mlango. Jioni akaniomba anwani yako. Akikuandikia, mdogo wangu, usiichane barua yake kabla hujaisoma.

Kifaru amefungwa tairodi mpya ya dukani. Injini imewaka jana, kwa moshi mwingi na makelele, nikamkumbatia Cheche mbele ya mkewe. Rangi bado, upande mmoja umebaki kijivu cha puti tuliyosawazishia bati.

Shangazi anakusalimu, na Bibi anauliza kama umenenepa. Cheche anasema mguu ukikusumbua uje akuchomelee. Baba mdogo salamu zake atazileta mwenyewe.

Leo nilitaka kumpeleka Mama makaburini kwa Kifaru. Nilimfungulia mlango, akaufunga. Amesema hapandi mpaka uje wewe, ushike usukani, naye akae pembeni yako, mahali alipokaa Baba.

Mungu akulinde njiani, akupe moyo mwepesi na akufikishe kwetu salama.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.