Damu ya Mzee Imepauka

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mama Amoni kanipa kazi! App ya duka lake la vitenge, ili wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wachague kwenye simu kabla ya kuvuka. Amoni, mpenzi wangu, ananisihi nisiharibu: mama yake akinikubali, mshenga anatumwa kwetu. Akinikataa je? Akaomba nimwongezee chai. Mwanaume huyu!

Jumanne, 5 Agosti
Mama Amoni kaangalia simu, kaangalia kitenge cha rangi ya damu ya mzee. Ongeza rangi, akasema. Nikaongeza arobaini kwenye namba zote tatu za rangi – nyekundu, kijani, bluu. Kikapauka. Nimesema ongeza, akang'aka, mbona unapunguza? Nikaongeza tena. Pinki kabisa! Akauliza kama kwetu Ihanda tunafulia vitenge kwa dawa ya choo. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimegundua, jamani! Mama Amoni anawaza rangi ya kutia nguo: ukiongeza, inakoza. Kwenye programu zile namba ni mwanga: ukiongeza, unaelekea kwenye weupe. Sote tuko sahihi, kitenge ndicho kinateseka. Nikarudisha namba za mwanzo, nikazizidisha kwa 0.7. Zikapungua, rangi ikakoza. Unaona ulivyoongeza, akasema, kimependeza. Sikumbishia. Nina akili zangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Balaa! Kina mama wa kwaya wamevuka kutoka Nakonde, wanataka sare ya pinki. Pinki ipi? Ile ya Jumanne! Kumbe nilikuwa najaribia kwenye app yenyewe, wateja wanaona. Hatuna pinki. Hatujawahi kuwa nayo. Kiongozi wao, Nesta, kaja na picha aliyoipiga siku ile. Amoni kajificha nyuma ya majora, eti anapanga. Nikajua mshenga ndiyo basi tena.

Mama Amoni akanishika mkono, akanivuta mbele yao. Bamayo, mama zangu, tusameheni, aliyekosea ni huyu hapa, mkwe wangu.

Mkwe wangu! Mbele ya kwaya nzima! Jora likaanguka huko nyuma. Nesta akanitazama juu mpaka chini, akauliza mahari imelipwa lini, mbona wao wa ng'ambo hawakualikwa.

Nimekimbilia stoo, naandika. Huko mbele bado wanabishana habari ya mahari. Mama Amoni ananiita, mkwe, nikawaonyeshe damu ya mzee. Mshenga hajatumwa, Amoni bado yuko nyuma ya majora – na mimi nimeshaitika, kwa sauti, duka zima limesikia: Abee, mama!