Maji ya Moto kwa Mkono Usiohisi

Mbale, Jumatano. Mvua imeshuka kutoka mlima Wanale asubuhi, sasa jua linawaka kama lina usingizi.

Kosa la wengi ni kudhani mkono usiohisi umekufa, na kwamba moto utaufufua.

Dada yangu Hawa humkanda mwanawe Musa kwa maji ya moto kila jioni. Musa ni askari. Vitani risasi ilimkata mshipa wa fahamu, chini kidogo ya kiwiko cha kulia. Madaktari wa Jinja walitoa kipande cha mshipa mguuni mwake, wakaziba pengo. Hawa anaogopa jambo moja tu: kwamba mkono ule hautashika kitu tena.

Nilifika jana. Leo nimeona malengelenge vidoleni.

“Mama ananipika, mjomba,” Musa alicheka. “Bado chumvi.”

“Nyamaza, afande! Si wewe uliyesema niongeze moto?”

Ni kweli aliomba. Hakuhisi chochote.

Nikawaeleza polepole. Mshipa ukikatwa, nyuzi za upande wa vidole hufa, lakini njia yao hubaki, kama bomba tupu. Nyuzi mpya hutambaa humo, takriban milimita moja kwa siku. Daktari huunganisha njia. Mwendo hawezi kuuharakisha.

Nikiwa bado nasema, niliiona Jinja ya utoto wetu, siku tuliyorudi kutoka ukimbizini. Nyumba haikuwa na paa. Majani yalitufika kiunoni. Mama alitangulia tu, akiyagawa kwa mikono, na chini yake njia ilikuwapo.

Nikagonga mkono wa Musa kwa kidole, kuanzia kiganjani kupanda. Kimya. Kimya tena.

Nusu ya njia kuelekea kwenye kiwiko, akaruka.

“Sisimizi! Wanakimbilia vidoleni!”

Hawa alidhani nimemuumiza, akanishika bega. Nikamwambia kwamba Musa alipotoka hospitali, nilipomgonga vivyo hivyo, sisimizi hao waliamkia kwenye kovu lenyewe. Wameshuka: hapo ndipo nyuzi mpya zilipofika.

“Kwa hiyo mshipa unakuja, kaka?”

“Unakuja.”

Hawa akageuka upande wa ukuta.

Kama mkono utashika kikombe, sijui. Kuna mishipa inayochoka njiani. Lakini ngozi iliyoungua hata mshipa uliofika haitaupokea vizuri.

Kama una mgonjwa wa namna hii, leo, kabla ya kumwosha, tia kiwiko chako mwenyewe majini kwanza.